Antena ya redio juu ya gari: bati la paa ni nusu ya kazi

Najua wengi mnaingia hapa kutafuta habari za mbolea, mbegu na viwavijeshi. Leo naomba mnivumilie kidogo, maana swali ninaloulizwa zaidi barabarani siku hizi si la mahindi. Nikisimama tu kijijini naulizwa, "Bwana shamba, hiyo fimbo juu ya gari ni ya nini?" Mzee mmoja wa Usagara aliamini ni ya kupimia mvua, na sikumlaumu, kwa sababu nilikuwa nimetoka kumweleza habari za kupima mvua. Askari wa barabarani naye aliwahi kulizunguka gari mara mbili kabla ya kuniuliza.

Fimbo hiyo ni antena ya redio ya ridhaa. Gari ni langu binafsi, pikapu ya zamani, si la halmashauri. Nalisema hili mapema kwa sababu nina wenzangu wa ugani wanaosoma hapa: gari la serikali usiliguse. Usilitoboe wala usiligandishe kitu bila kibali cha maandishi cha mwenye mamlaka nalo.

Redio ya ridhaa ni redio ya kuongea, inayopokea na kurusha, ambayo mtu anaitumia kujifunza na kuwasiliana na wenzake bila kufanya biashara. Wazee waliofanya kazi kwenye hifadhi na misheni wanakumbuka redio ya upepo. Hii ni ndugu yake. Zamani za ukoloni vituo vya ridhaa vya Tanganyika vilitambulishwa kwa VQ3. Leo vyetu vinaanza na 5H, vya Kenya 5Z na vya Uganda 5X, kwa hiyo nchi zote tatu zinazolizunguka ziwa hili zina wenye kuijua lugha hiyo.

Kabla hujanunua hata skrubu, anzia TCRA. Ofisi ya Kanda ya Ziwa iko hapa hapa Mwanza, huna haja ya kupanda basi. Kurusha mawimbi bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na redio yenyewe inatakiwa iwe ya aina iliyoidhinishwa. Vile viredio vya mkononi vya bei nafuu vinavyouzwa mitandaoni vinaweza kurusha kwenye masafa ya polisi au ya meli, na kifaa hakitakukataza, kitakutii tu. Ukipata leseni, masafa yako ya kawaida ya karibu ni MHz 144 hadi 146. Jambo jingine: leseni ya ridhaa si ya kazi. Siwezi kuitumia kuagiza pembejeo wala kutuma taarifa za ofisi. Kama ushirika wenu unataka redio za kuratibu malori ya pamba, hiyo ni leseni nyingine kabisa.

Sasa tuje kwenye fimbo.

Watu wengi wanapoteza fedha kwenye redio na antena, halafu wanaifunga antena popote penye nafasi. Mimi nakuambia kinyume chake: ukiwa na fedha kidogo, nunua antena rahisi na uiweke mahali sahihi. Antena ya fimbo moja unayoiona ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni bati la gari lililo chini yake. Umeme wa mawimbi unapopanda kwenye fimbo, lazima kuwe na kitu upande wa pili cha kuusawazisha, na kitu hicho ni bati. Ukiondoa bati umebaki na nusu antena, hata kama fimbo imetoka Japani na ina kifuniko cha dhahabu.

Urefu wake unahesabika kwa kalamu. Chukua 75, gawanya kwa masafa kwa MHz, utapata mita za robo ya wimbi. Namba 75 wakulima wangu hawawezi kuisahau, kwa kuwa ndiyo nafasi ya sentimita kati ya mistari ya mahindi. Kwa hiyo 75 kwa 145 ni kama mita 0.52. Kwenye waya halisi inapungua kidogo, kama asilimia 5, unabaki na sentimita 49 hivi. Ukienda juu kwenye MHz 433 unapata sentimita 16 na nusu, na hapo spoku ya baiskeli inatosha na kubaki. Ile ya sentimita 49 niliitengeneza kwa kijiti cha brasi cha kuchomelea nilichonunua kwa fundi hapa Mirongo. Fundi alicheka aliposikia ni cha redio. "Kaka, redio inataka kuchomelewa?" Nikamwambia inataka kusimama wima tu.

Sasa angalia uzuri wa hesabu hiyo. Antena ya sentimita 49 inapenda bati lenye nafasi kama hiyo hiyo kila upande. Paa la pikapu au Noah lina upana wa zaidi ya mita moja. Maana yake katikati ya paa ni kama pametengenezwa kwa ajili ya MHz 145. Hakuna sehemu nyingine ya gari inayofikia hapo. Ukiifunga pembeni mwa boneti itafanya kazi, ila mawimbi yataegemea zaidi upande ule wenye bati refu. Ukiifunga kwenye bampa la nyuma, kabini yote inasimama mbele yake kama ukuta. Utasikika vizuri upande mmoja, na upande mwingine watu watakuambia betri yako imeisha.

Nina mfano ambao siusahau. Msimu wa mvua uliopita tulikuwa magari mawili upande wa Sengerema, mimi na jamaa yangu ambaye naye ana leseni. Redio yake ni ya bei kubwa kuliko yangu, wati zake ni mara mbili ya zangu, lakini antena alikuwa ameifunga kwenye bampa la nyuma kushoto, kwa kuwa hakutaka kukwaruza rangi ya paa. Radi ilikuwa imepiga mchana, umeme ukakatika, na simu zetu zote zikawa hazina mtandao. Kwenye mteremko mmoja tukakuta pikipiki imeingia mtaroni na kijana amevunjika mguu, damu nyingi. Tukamfunga mguu kwa mbao na kanga za akina mama waliokuwa wakitoka shambani. Jamaa akakaa kwenye redio yake akaita. Kimya. Akaita tena, akapata mkwaruzo tu wa mtu asiyeeleweka.

Mimi nikapanda na gari langu kwenye kilima, kama mita 200 nyuma, nikaita kwa wati 25. Mtu wa mjini Mwanza akajibu kwa sauti safi kabisa. Akapiga simu kituo cha afya kilichokuwa karibu nasi, na gari la kumchukua kijana likatukuta njiani. Leo anatembea, anachechemea kidogo. Baadaye siku ya Jumapili tulirudi pale pale na magari yote mawili ili tujue kama ni kilima au ni antena. Kilima kilisaidia, hilo halina ubishi. Lakini hata magari yalipokuwa yamesimama bega kwa bega pale juu, yeye alisikika vizuri pale tu alipoligeuza gari upande mmoja. Akiligeuza kinyume, sauti inazama. Mimi niligeuka pande zote nne na mjini hawakuona tofauti. Jumatatu yake jamaa alihamishia antena kwenye paa, na habari ya rangi hajaitaja tena.

Kuhusu kilima, kuna hesabu nyingine fupi. Masafa haya yanakwenda karibu sawa na jicho linavyoona, mbele kidogo tu. Chukua urefu wa antena kutoka usawa wa maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12, utapata kilomita. Antena iliyo mita 2 juu ya mwalo inafika kama kilomita 6. Ipandishe gari kwenye kilima cha mita 100 juu ya ziwa, inafika 41. Jumlisha na 6 za mwenzako aliye ufukweni ng'ambo, mnakaribia 47. Ndiyo maana mtu aliye kwenye vilima vyetu vya mawe anaweza kuongea na mtu wa kisiwani, wakati aliye chini kando ya mto Mirongo hasikiki hata Buhongwa. Mawe yetu yanapendeza kwenye picha, lakini kwa redio kila jiwe ni kivuli.

Namna ya kuifunga zipo mbili zinazofaa. Ya kwanza ni sumaku. Unaweka katikati ya paa, kebo inapita kwenye mpira wa mlango, umemaliza. Kwa MHz 145 inatosha kabisa, kwa sababu mawimbi yanavuka rangi ya bati bila kuhitaji kugusana chuma kwa chuma. Adui wake ni vumbi la barabara zetu. Chembe za mchanga zikiingia chini ya sumaku, kila mtikisiko unasugua rangi, na baada ya miezi michache una duara la kutu. Kila Jumamosi inyanyue (usiiburuze) futa chini yake na juu ya bati, irudishe. Jaribu pia kwanza kwa sumaku yoyote ndogo kama paa ni la chuma. Yapo magari yenye bodi ya alumini, na yapo yenye dirisha la kioo juu. Huko sumaku haishiki, na hata ukiifunga kwa kamba itasimama juu ya nusu isiyokuwepo.

Ya pili ni kutoboa. Kwa gari unalokusudia kukaa nalo, hii ndiyo nzuri kuliko zote. Tundu la soketi ya kawaida ni milimita 19. Toboa kwa msumeno wa duara wa drili, siyo kwa patasi na nyundo, tafadhali. Kabla ya hapo shusha kitambaa cha dari uone kuna nini, maana kuna nyaya za taa na viimarisha paa. Sehemu ya ndani inayogusana na soketi kwangua rangi mpaka chuma king'ae. Ukingo wa tundu upake praima ili kutu isianzie hapo. Mpira wa soketi ukae sawa. Siku ukiuza gari, kuna vifuniko vyake, tena mnunuzi wa Mwanza atapunguza bei kwa mkwaruzo wa mlango kabla hajaangalia paa.

Kama umelazimika kufunga kwenye boneti, usidanganyike kwamba boneti imeungana na gari kwa sababu imefungwa kwa bawaba. Bawaba zina grisi na rangi. Weka mita ya fundi, gusa boneti na bodi: ikisoma zaidi ya ohmu moja, unganisha vitu hivyo viwili kwa mkanda mfupi wa waya wa kusukwa. Gharama yake ni ndogo kuliko soda mbili.

Kebo nayo ina hadithi yake. Hapa mjini kebo ya king'amuzi ipo kila duka, na muuzaji atakuhakikishia kwamba "ni ile ile, bosi." Siyo ile ile. Ya dishi ni ya ohmu 75, redio inataka 50. Hilo peke yake lisingekuwa msiba, lakini suka la nje la kebo nyingi za dishi ni la alumini, halishiki risasi ya kuchomelea, na baada ya matuta mawili matatu kiungo kinaachia. Tafuta RG-58, mita 4 au 5 zinatosha. Inapoingia ndani ya gari, acha ishuke kidogo chini ya tundu kisha ipande, kama mkunjo wa U. Maji ya mvua yatafuata kebo mpaka chini ya mkunjo na kudondokea nje. Bila hivyo yatakuja mpaka kwenye redio. Na kwenye magari mapya usipitishe kebo kwenye nguzo ya pembeni ya kioo bila kuangalia. Humo mara nyingine mna mfuko wa hewa, na ukifumuka hautabagua.

Kukata fimbo kwa kipimo sahihi unahitaji mita ya SWR, inayoonyesha nguvu kiasi gani inarudi badala ya kutoka. Azima, si lazima ununue. Anza na fimbo ya sentimita 52, pima kwenye 144, 145 na 146. Mita ikisoma vizuri zaidi kwenye 144 kuliko 146, fimbo bado ndefu: kata milimita 3, pima tena. Ukifika chini ya 1.5 katikati, acha, usitafute ukamilifu. Upimaji huu ufanye nje uwanjani, milango imefungwa. Chini ya banda la bati la fundi vipimo vyote ni vya uongo.

Umeme chukua moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi ya ukubwa uliopendekezwa na mtengenezaji wa redio iwe karibu na betri, siyo karibu na redio. Redio ya wati 50 inavuta ampea 10 na zaidi ikirusha. Ule mtungo mwembamba wa kitundu cha kuwashia sigara utapata moto. Moto wa waya unaanza pale ambapo waya unasuguana na chuma kabla ya kufika kwenye fyuzi. Ukisikia mvumo unaopanda na kushuka na injini, ni kelele ya jenereta ya gari. Ukisikia mkwaruzo usiobadilika, chomoa kwanza chaja ya simu ya bei rahisi. Mara nyingi ni hiyo.

Kuhusu masafa ya mbali, yale ya MHz 7 yanayofika mikoa ya jirani mchana na nchi za mbali usiku, nitasema machache tu. Robo ya wimbi hapo ni zaidi ya mita 10. Hakuna gari la kubeba hiyo, kwa hiyo fimbo inafupishwa kwa koili na sehemu kubwa ya nguvu inaishia kuwa joto. Bado watu wanaongea nayo. Lakini hapo sumaku haitoshi: chuma lazima kiguse chuma, milango na buti viunganishwe, na fimbo ya mita mbili na nusu juu ya gari lenye kimo cha karibu mita mbili inakaribia mita nne na nusu.

Kimo hicho ndicho kinachonitia hofu kuliko yote. Vijijini nyaya za umeme zinalegea, mahali pengine nguzo imeinama tangu mvua za mwaka juzi. Fimbo ya chuma ikigusa waya wa TANESCO hakuna cha leseni wala fyuzi. Kama una antena ndefu, ifunge kwa kamba ielekee nyuma kabla ya kuingia kijijini, na usiegeshe chini ya laini. Kwenye kivuko, ilaze kabisa. Abiria wamesimama kila upande na ncha iko sawa na macho ya mtoto aliyebebwa. Na pikapu zetu tunajua zinabeba nini nyuma. Kukiwa na watu nyuma ya kabini, mimi sirushi kabisa. Antena inayorusha inaunguza mkono unaoishika. Kwenye kituo cha mafuta vilevile, zima.

Radi ya ziwa hili ni miongoni mwa kali duniani, hasa usiku juu ya maji. Ikikaribia, shuka kilimani, chomoa kebo kwenye redio, funga vioo, kaa ndani bila kushika chuma. Bodi ya gari itakukinga vizuri kuliko mwembe.

Wavuvi wa Kayenze na Igombe waliniuliza kama hii inafaa mtumbwini. Fimbo ya robo haifai, kwa sababu mbao na faiba si bati, ile nusu ya pili haipo. Kwa mtumbwi nunua antena ya nusu wimbi, ambayo haihitaji bati chini yake. Kwa chaneli 16 ya baharini, MHz 156.8, ina urefu wa karibu sentimita 95. Leseni yake ni ya vyombo vya majini, siyo ya ridhaa kama yangu. Ifunge juu ya mlingoti mfupi, soketi uizungushie utepe wa mpira, na redio ikae kwenye mfuko usiopitisha maji pamoja na betri yake. Mkiwa kumi au zaidi kwenye mwalo mmoja, njooni TCRA kwa pamoja, nitawasindikiza. Jumatano asubuhi huwa nina nafasi.

Wiki ijayo tunarudi kwenye mihogo. Wale walioniletea majani yenye michirizi ya kahawia, mbegu za shamba hilo msimpe jirani mpaka tuongee.